Virpi Kemppainen na Mkono Uliobaki Ukutani

Kwanza inasikika brashi. Fyuu, fyuu, fyuu, laini kama paka anayejilamba nyuma ya mlango. Kisha kimya. Kisha fyuu tena.

Ni saa tatu asubuhi, Desemba, mashariki ya Finland, na jua bado halijajitokeza. Nje ya nyumba ya mbao ya Mzee Urho Karppinen, pale Kaskilampi, kipimajoto kinaonyesha nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ndani, mbele ya kabati la vioo, amepiga magoti mwanamke aliyevaa ovaroli nyeupe, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, barakoa mdomoni. Anaizungusha brashi ya manyoya juu ya kioo kwa ncha za vidole, kama mtu anayempaka mtoto poda shavuni bila kutaka aamke.

Huyo ni Virpi Kemppainen, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, askari mchunguzi wa maeneo ya tukio. Mwizi akishaondoka, na askari wa doria wakishauliza maswali yao, yeye ndiye anayebaki na kuta, sakafu na vitasa.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na kisanduku cha vijiko vya fedha, zawadi ya harusi ya marehemu mke wa Urho. Sasa rafu ni tupu.

Uani, ndani ya gari dogo la buluu lililoachwa injini ikiunguruma ili mwenyewe asigande, anasubiri Maarika Lepik. Ni Mwestonia aliyehamia hapa zamani, na kazi yake ni kuzunguka majumbani kuwahudumia wazee: kuwapa dawa, kuwafunga vidonda, kuwauliza kama wamekula. Tangu jana amesimamishwa kazi. Leo ameitwa kuchukuliwa alama za vidole, na kijiji kizima kinajua kwa nini.

"Mlango haujavunjwa," Mzee Urho, mwenye miaka themanini na sita, aliwaambia askari kabla hajapelekwa kwa binti yake. "Dirisha zima. Sakafu kavu, inang'aa. Ufunguo ninao mimi na anao Maarika. Sasa niambieni nyie, mimi nimejiibia?"

Hoja ya mzee haikuwa ya kipuuzi. Desemba, barabara za huku hufunikwa theluji, na juu ya theluji humwagwa kokoto ili watu wasiteleze. Mtu anayetoka nje huingia na vyote viwili kwenye nyayo zake. Theluji huyeyuka, kokoto hubaki. Mwizi wa kutoka nje angeacha njia nzima ya matope kutoka mlangoni hadi kabatini. Haikuwepo hata punje.

Konstebo Ossi Moilanen, kijana wa doria aliyefika wa kwanza, alihitimisha kama ambavyo wengi wangehitimisha: hakuna aliyeingia kutoka nje, basi ni wa ndani. Na wa ndani, ukimtoa mzee, ni mmoja tu: Maarika, ambaye huvisha viatu vyake vifuniko vya plastiki kabla ya kuingia.

"Na mimi nilikubaliana naye," anasema Virpi bila kukwepa. "Siku ile asubuhi, kabla sijafungua sanduku langu, ningekuambia ni yule mhudumu. Ndiyo maana kazi hii huifanyi kwa kichwa peke yake. Unaifanya kwa magoti."

Magoti yake yanajua. Alikuwa askari wa doria kwa miaka tisa kabla hajahamia uchunguzi, na tangu hapo maisha yake yamekuwa sakafuni. Eneo lake ni kubwa kiasi kwamba mwaka jana aliendesha zaidi ya kilomita elfu arobaini, mara nyingi peke yake, masanduku yakigongana nyuma ya gari. Nyumba nyingine iko mwendo wa saa mbili na nusu kutoka kituoni, na katikati hakuna kitu isipokuwa misonobari.

Baridi ni adui wa ziada. Kitu kilichoganda nje ukikiingiza ndani kinatoka jasho, na poda ukiipaka juu ya jasho inageuka uji. Lazima ungoje kikauke chenyewe. Virpi amewahi kukaa jikoni kwa watu mchana kutwa akikiangalia kitasa cha mlango kikipata joto.

"Watu wameona filamu," anacheka. "Wanadhani naingia, nawasha taa ya buluu, natoka na jina. Bwana wee! Mimi naingia, nasimama. Nasimama tena. Halafu napiga picha."

Picha kwanza, kabla ya kugusa chochote, na rula ndogo pembeni ili atakayeitazama baadaye ajue ukubwa wa kitu. Kisha anachagua njia moja ya kupita, pembeni ambako mwizi hangepita, na hiyo hiyo ndiyo anayorudia kila anapoingia na kutoka. Glovu anabadilisha kila mara. Kila aliyeingia chumbani, anasema, amebeba kitu akakiacha, na amekuta kitu akakichukua: unywele, uzi, vumbi. Sheria hiyo haimsamehe hata mchunguzi.

Siku ile kabati lilimpa kidogo sana. Kwenye vioo kulikuwa na alama za Urho. Kwenye mpini mdogo wa shaba alikuta nyuzi za sufu, za kijivu, kama za glovu nzito za baridi. Aliyefungua alikuwa amevaa glovu. Basi.

Hapo ndipo Ossi aliporudi na chupa ya kahawa.

Virpi alisikia mlango, akasikia mtu akihema na kung'ang'ana, akainua kichwa. Konstebo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja pale mlangoni, buti moja limetoka nusu.

"Ossi! Unafanya nini?"

"Navua buti, bosi."

"Hili ni eneo la tukio! Nimekuwekea vifuniko vya plastiki hapo nje kwenye ngazi, si umeviona?"

"Nimeviona. Lakini sakafu ya watu imeoshwa, bosi. Mama angenipiga."

Virpi alikuwa amefungua mdomo amkaripie zaidi. Hakumkaripia. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa Ossi.

"Ossi. Mkono wako uko wapi?"

"Ukutani. Ningeanguka."

"Usiutoe."

"Nisiutoe?"

"Ukiutoa vibaya utaukokota. Tulia hivyo hivyo. Na usiniangushie kahawa."

Kwa hiyo konstebo wa polisi alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, kahawa kwapani, huku mchunguzi akipiga picha, akichora kwa penseli kuzunguka kiganja chake, kisha akimruhusu auinue mkono moja kwa moja, taratibu. Ossi hajasamehewa kituoni hadi leo. Wenzake humuuliza kila asubuhi kama leo ana miguu miwili.

Lakini Virpi hakuwa anacheka. Alizima taa ya mlangoni, akaweka tochi kando ya ukuta ili mwanga upite ukiuparuza badala ya kuupiga usoni. Ukuta ule ni wa mbao zilizopakwa rangi ya mafuta, nyeupe, inayong'aa. Juu kidogo ya kiganja cha Ossi, ukiwa umeelekeza vidole upande ule ule, palikuwa na mkono mwingine.

"Niliutazama mkono ule, kisha nikalitazama buti la Ossi," anasema. "Nchi hii hakuna anayeingia ndani na viatu. Hakuna. Tunavua kwa daktari, tunavua kwa jirani, tunavua kwenye matanga. Sisi tulikuwa tunatafuta nyayo za viatu! Tumezaliwa hapa, tumekulia hapa, halafu tunamtafuta mwizi kama vile mwizi amelelewa mahali pengine."

Na buti za baridi zina kamba. Huwezi kufungua kamba zilizoganda ukiwa umevaa glovu nene. Unavua glovu, unainama, unafungua, unasimama kwa mguu mmoja na kuvuta, na mkono wako mtupu unakwenda wenyewe ukutani. Kisha unavaa glovu tena, unaenda kabatini.

Huo ulikuwa uwezekano, si jibu. Maarika naye husimama pale pale kila siku akivuta vifuniko vya plastiki juu ya viatu vyake. Mkono ule ungeweza kuwa wake, na ungekuwa na kila haki ya kuwepo.

Virpi alitoka uani na kidau cha wino, akaketi kwenye kiti cha abiria cha gari la buluu.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi," Maarika alisema, macho mbele.

"Wewe ni mtu uliyeingia nyumba hii. Naomba mkono."

"Nimemwosha miguu yule mzee miaka minne. Miguu! Nimekaa naye usiku mkewe alipokufa, nikamchemshia uji. Leo natiwa wino kama ng'ombe wa mnada."

"Nimechukua za Ossi pia. Zangu zilishachukuliwa zamani. Hata za mzee ninazo. Namchukulia kila aliyepita mlango ule, dada. Ndiyo njia pekee ya kumjua aliyezidi."

Maarika alinyoosha mkono. Ulikuwa umekakamaa, na alama ya kwanza ikaharibika. Virpi akaubana mkono ule katikati ya mikono yake miwili hadi ukapata joto, kisha wakaanza upya.

Pale mezani jikoni kwa Urho, kwa kioo cha kukuzia, alianza kulinganisha. Kila kiganja kina mistari mikubwa ambayo mtu yeyote huiona, na chini yake kuna mikunjo myembamba inayogawanyika, inayokatika, inayojifunga kama fundo. Mikubwa inaweza kufanana kwa watu wengi. Midogo ndiyo ya mtu. Hakuwa Urho. Hakuwa Ossi. Mchana alikuja binti wa Urho kutoka mjini, akachukuliwa zake. Hakuwa yeye.

Na hakuwa Maarika.

"Lakini mkono usio na mwenyewe unaweza kuwa wa fundi wa umeme wa mwaka juzi," Virpi anasema. "Ilibaki kujua umri wake. Alama haina tarehe. Tarehe unaitafuta pembeni."

Binti ndiye aliyeileta bila kujua. Jumamosi iliyotangulia alikuja kufanya usafi wa Krismasi, ule ambao familia za huku hufanya kana kwamba Mkaguzi Mkuu wa Mbinguni yuko njiani.

"Uliosha na kuta?" Virpi alimuuliza.

"Kuta zote. Kwa sabuni ya msonobari."

"Na huu wa mlangoni? Hadi wapi?"

"Mama wee, nilipanda stuli! Unadhani mimi naosha nusu ukuta?"

Vijiko vilionekana kabatini kwa mara ya mwisho Jumapili. Jumatatu adhuhuri Urho alikuwa kwenye chakula cha pamoja cha wazee, kama kila Jumatatu. Mkono ule ulikuwa umewekwa juu ya ukuta uliooshwa Jumamosi. Na ufunguo? Ossi alipomuuliza mzee vizuri, ikajulikana kwamba upo wa tatu, chini ya ndoo kwenye ngazi za sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, mahali ambapo kila nyumba ya Kaskilampi huuweka na kila mtu anajua uko.

Mwisho, Virpi alilala kifudifudi na kuweka tochi sakafuni. Juu ya vanishi ikajitokeza safu ya nyayo zisizo na viatu, kubwa, zenye michoro midogo ya ufumaji: mtu aliyetembea na soksi za sufu kutoka mlangoni hadi kabatini na kurudi, kwa hatua ndefu. Maarika ana mguu mdogo, na hatembei na soksi mle ndani.

Hakuzipa uzito zaidi ya unaostahili. "Soksi haina jina. Kila bibi wa Finland anafuma soksi kama hizo. Inaniambia mtu mkubwa alipita hapa. Mkono ndio utakaoniambia nani."

Mkono ukatumwa maabara kuu. Kisha kukawa na kungoja, na hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo Virpi anaisema kwa sauti ya chini.

Mchunguzi haruhusiwi kusema. Hadi jibu lirudi, hadi mpelelezi wa kesi aamue, anachokijua ni siri. Kaskilampi haikuwa na siri. Dukani, wanawake walisogeza mikoba yao Maarika alipopita. Kanisani benchi lake likawa na nafasi. Mtu mmoja alimwambia usoni kwamba huko kwao Estonia labda vijiko ni vya kila mtu.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Virpi alikuwa kwenye foleni ya mkate. Maarika alikuwa nyuma yake.

"Virpi," alisema polepole. "Niambie tu neno moja. Ni mimi au si mimi?"

Virpi aliujua ukweli kama anavyojua jina la mamake. Alilipa mkate wake, akatoka.

"Nilikaa ndani ya gari pale nje ya duka hadi vioo vikaganda," anasema. "Ningesema, wakili wa mwizi angesema nilikuwa na upande. Ushahidi ungetiwa doa. Nilinyamaza kwa ajili ya Maarika, lakini yeye aliona mgongo wangu tu. Hiyo haisahauliki."

Jibu lilirudi katikati ya Januari. Mkono ule ulilingana na wa mwanamume ambaye alama zake zilikuwa kwenye kumbukumbu za polisi kwa kosa la zamani. Hatumtaji jina kwa kuwa mahakama haijatoa hukumu. Ni muuza kuni, mrefu, mpole wa maneno, aliyewahi kuketi jikoni kwa Urho akinywa kahawa na kuvisifia vijiko. Kwanza alidai aliugusa ukuta msimu wa kupukutika majani alipoleta kuni. Alipoambiwa ukuta ulioshwa lini na nani, akaliacha dai hilo. Vijiko vilikutwa darini kwake, juu ya sauna, vimefungwa kwenye taulo. Kwa mujibu wa polisi, amekiri.

Ossi alikuwepo wakati wa mahojiano, na swali lililokuwa linamwasha alilitoa.

"Sasa wewe, mtu anakuja kuiba, unavua buti za nini?"

Mwanamume yule alimtazama kama aliyetukanwa.

"Sakafu ilikuwa imeoshwa," alisema.

Kituoni walicheka hadi wakalia. Virpi naye alicheka, kisha akaacha. Adabu ile ile iliyomvulisha mwizi buti nusura imvulishe Maarika kazi yake. Ukiwa umezoea mlango wako, anasema, huuoni tena.

Maarika alirudishwa kazini wiki hiyo hiyo. Nyumba ya kwanza kwenye zamu yake ilikuwa ya Urho. Alisimama mlangoni, akavuta vifuniko vyake vya plastiki, akaingia. Meza ilikuwa imeandaliwa: maandazi ya iliki, vikombe vizuri vya wageni, na kando ya sahani vijiko vya fedha, vimesuguliwa vinameremeta.

"Kahawa inapoa," Urho alisema hatimaye, ameangalia dirisha.

"Sijaambiwa nikae."

"Kaa basi, Maarika. Mimi ni mzee mjinga. Kaa."

Alikaa. Lakini kijiji si meza ya mtu mmoja. Wapo ambao hadi leo husema hakuna moshi bila moto, na wapo wasiosema, wanaoshika tu mikoba yao.

Virpi ana mpango, na ameshaanza kuutekeleza. Kwenye chumba cha chini cha kituo, yeye na Ossi wamejenga mlango wa mbao, ukuta wa rangi ya mafuta na kipande cha sakafu ya vanishi. Kila askari mpya wa doria atapitishwa hapo. Ataambiwa aingie ndani kama anavyoingia kwa shangazi yake, kisha atapewa tochi na kuambiwa ajitafute. Anataka ndani ya miaka miwili kusiwe na konstebo katika wilaya nzima anayeandika "sakafu safi, hakuna aliyeingia" bila kwanza kupiga magoti.

"Nitastaafu magoti yakikataa," anasema. "Hayajakataa."

Alikuwa bado na brashi ya rangi mkononi alasiri ile Maarika aliposhuka ngazi za chumba cha chini, koti la kazi mwilini, akiwa katikati ya zamu. Hakusalimia.

"Kesi ni Machi," alisema.

"Tarehe kumi na mbili."

"Atafungwa au atapigwa faini, hilo halinihusu. Gazeti litaandika jina lake. Mimi halitaniandika. Mtu akisafishwa anasafishwa kimya kimya, Virpi. Akichafuliwa, anachafuliwa dukani."

Virpi aliweka brashi chini.

"Nitaitwa shahidi. Wataniuliza mkono wa nani niliulinganisha na ule wa ukutani."

"Na utasema wa yule mwanaume. Basi."

"Nitaanza na nyinyi wengine. Ni haki yangu kueleza kazi yangu yote, tangu mwanzo. Chumba cha mahakama kiko wazi, na nusu ya Kaskilampi itakuja kumtazama yule muuza kuni."

Maarika alikuwa ameshaanza kugeuka. Alisimama.

"Dukani ulinipa mgongo."

"Nilikupa. Kule nitasimama nimewatazama. Njoo ukae kiti cha mbele, Maarika, na koti lako hilo hilo la kazi. Nakuahidi: nitalitaja jina lako lote, kwa sauti, hadi walioko nyuma kabisa wasikie, na nitawaambia kwamba niliulinganisha mkono wako mstari kwa mstari, na ule wa ukutani haukuwa wako."